Nimepitia rozari tendo kwa tendo nikiwa na Biblia mkononi, nimekwama sehemu tatu. Naombeni msaada

Msomaji_wa_Usiku

Tumsifu Yesu Kristo kwa Wakatoliki wenzangu, na Bwana asifiwe kwa wengine wote maana najua humu tuko mchanganyiko.

Wakuu mimi ni Mkatoliki wa kuzaliwa, rozari nimeijua kwa masikio kabla hata sijajua kusoma, ukinishtua usingizini ukasema "Salamu Maria umejaa neema" mdomo wenyewe unamalizia. Sasa mwezi uliopita rafiki yangu mmoja mlokole kaniuliza kaswali kadogo tu, hivi hiyo rozari yenu iko wapi kwenye Biblia? Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba yote imetoka kwenye Biblia, akaniambia haya nionyeshe, nikabaki natoa macho. Aibu niliyoisikia siku hiyo acha tu.

Basi nikaamua kukaa chini na Biblia, daftari na kalamu, nikapitia tendo moja baada ya jingine (kwa wasiojua, tendo ni tukio la maisha ya Yesu au Maria unalolitafakari huku ukisali Salamu Maria kumi, na yamegawanyika makundi manne, furaha, uchungu, mwanga na utukufu). Mengi nimeyapata na mengine yamenishangaza. Matendo ya furaha yote matano yako Luka sura ya 1 na ya 2, hutoki hata nje ya kurasa chache, kuanzia malaika anampasha Maria habari mpaka Yesu anapatikana hekaluni akiwa na miaka 12. Kwenye uchungu nikakuta jasho la damu yuko nalo Luka peke yake (22:44), na kupigwa mijeledi ambako sisi tunakusalia Salamu Maria kumi nzima, Yohana kakuandika kwa mstari mmoja tu, 19:1, "Basi ndipo Pilato alipomtwaa Yesu, akampiga mijeledi", basi, kamaliza, anaendelea na mengine. Mwanga nao hauna shida, ubatizo Yordani, Kana, kutangaza Ufalme, kugeuka sura, Ekaristi, vyote vipo vya kutosha.

Nilipokwama ni hapa. Kwanza, nusu ya pili ya Salamu Maria, kuanzia "Maria Mtakatifu Mama wa Mungu" mpaka amina, sijaiona popote. Pili, tendo la nne na la tano la utukufu, yaani Maria kupalizwa (kuchukuliwa mbinguni mwili na roho) na kuvikwa taji, nimefunua mpaka kurasa zimechoka. Tatu ndiyo inayoniuma zaidi, Mathayo 6:7, msipayuke-payuke kama watu wa mataifa, sasa mtu anayesema Salamu Maria 53 kwa mkao mmoja unamwitaje?

Na nikiri kingine hapo hapo, mi nikifika tendo la tatu nasinzia. Hilo sijamwambia yule rafiki yangu.

Punje_ya_Kumi

Hahaha mkuu hapo kwenye kusinzia hauko peke yako, mi rozari huwa naikuta asubuhi chini ya mto imejisokota.

Katekista_Mstaafu

Milele na milele, amina. Mwanangu umefanya kazi nzuri sana, wengi wetu tunabishana juu ya rozari bila kufungua hata ukurasa mmoja, wewe umefungua umekwama, huko kukwama ni bora kuliko kujua kwa kusikia.

Nianze na Salamu Maria maana ndiyo imebeba rozari yote. Nusu ya kwanza ni sauti mbili zimeunganishwa. Ya kwanza ni ya malaika, Luka 1:28, ya pili ni ya Elizabeti, Luka 1:42. Sasa chukua Biblia ya Union wanayotumia ndugu zetu Waprotestanti usome 1:42, utakuta "naye mzao wa tumbo lako amebarikiwa", maneno ni yaleyale tunayosali, "mzao wa tumbo lako" neno kwa neno. Kwa hiyo ukiambiwa sala hii ya Wakatoliki, jibu kwamba nusu ya kwanza hata wao wanaisoma, tofauti ni kwamba sisi tunaisali.

Ila wanangu wengi hawaoni kilichofichwa pale kwenye "kuliko wanawake wote". Kwa Kiyunani ni "umebarikiwa katika wanawake", na Union wameandika hivyo hivyo, lakini ule ni usemi wa Kiebrania wa kusema umewapita wote. Sasa nani mwingine kwenye Agano la Kale alisifiwa kwa usemi huo? Yaeli, Waamuzi 5:24, yule mama aliyempigilia Sisera kigingi cha hema kichwani. Na Yudithi, Yudithi 13:18, aliyemkata kichwa Holoferne. Wanawake wawili, maadui wawili, wote wamemalizwa kwa kichwa! Halafu rudi Mwanzo 3:15, uzao wa mwanamke utamponda nyoka wapi? Kichwa. Elizabeti aliposema vile akiwa amejaa Roho Mtakatifu hakuwa anampongeza binamu yake kwa ujauzito tu, alikuwa anaimba wimbo wa vita. Mi hilo nililigundua nikiwa mtu mzima kabisa na tangu siku hiyo sijawahi kuitamka Salamu Maria nikiwa nawaza mambo ya jikoni. Naam, labda mara chache.

Nusu ya pili uko sahihi, haimo kama sala. Karne nyingi Wakristo walisali ile nusu ya kwanza tu wakaishia hapo. Maneno ya "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee" yalikua taratibu, yakapata umbo hili tunalolijua kwenye Breviari (kitabu cha sala za kila siku za mapadre) aliyoitoa Papa Pius V mwaka 1568. Lakini kila kipande kina mzizi wake. "Mama wa Mungu" ni Luka 1:43, Elizabeti anauliza "Limenitokeaje neno hili, hata mama wa Bwana wangu anijilie mimi?", na Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Efeso mwaka 431 ukalithibitisha jina hilo, na ugomvi wa pale Efeso kwa kweli haukuwa juu ya Maria, ulikuwa juu ya Yesu, je huyu mtoto aliyezaliwa ni Mungu kweli au ni mtu ambaye Mungu amekaa ndani yake? Ukisema Maria ni mama wa Mungu umeshajibu Yesu ni nani.

Na "sasa na saa ya kufa kwetu", sikiliza. Kwenye Injili ya Yohana, Maria anaonekana mahali pawili tu kama mtu wa kutenda na kuongeleshwa, Kana na chini ya msalaba. Kana Yesu anamwambia "Saa yangu haijawadia" (2:4). Msalabani saa imewadia, na yeye yupo, amesimama (19:25). Yaani alikuwepo kabla ya saa na alikuwepo saa yenyewe. Sisi tunamwomba awepo na kwenye ya kwetu, ndiyo maana yake hiyo.

Kupalizwa nitarudi, macho yangu hayapendi hizi simu.

Mlutheri_Mpole

Bwana asifiwe. Mimi sio Mkatoliki ila nimesoma kwa heshima na nashukuru mwalimu kwa ile ya Yaeli, hiyo nitaiiba. Naomba niulize nami kwa amani, sitafuti ligi.

Kwanza hatumchukii Maria kama watu wanavyodhani, Luther mwenyewe mwaka 1521 aliandika ufafanuzi mzima wa wimbo wa Maria, ule wa Luka 1:46 na kuendelea, na anamsifu vizuri tu. Shida yetu iko kwingine.

Moja, "umejaa neema". Union inasema "uliyepewa neema". Nyie mmetoa wapi "umejaa"? Na hata kama ni umejaa, Stefano naye Matendo 6:8 imeandikwa "akijaa neema na uwezo", mbona hatumsalii Stefano salamu?

Mbili, 1 Timotheo 2:5, mpatanishi ni mmoja. Kama ni mmoja, "utuombee" inatoka wapi?

Tatu, hilo la kupayuka-payuka kaulizia mwenyewe mleta mada, mi nasubiri jibu tu.

Fundi_wa_Maneno

Ndugu yangu Mlutheri maswali mazuri, ngoja nijaribu ila mi sio padre wala nini, ni mtu wa kupenda lugha tu.

"Umejaa neema" imekuja kwetu kupitia Kilatini, gratia plena, ndivyo ilivyotafsiriwa kwenye Vulgata, ile Biblia ya zamani ya Kilatini. Kiyunani cha Luka ni kekharitomene, na Union hawakukosea, neema ndiyo imo humo ndani na amepewa, hajajipa. Ila lile umbo la kitenzi linaonyesha jambo lililokwisha kutendeka na bado linaendelea kuwa hivyo, kama ungetaka kulisema kwa Kiswahili kirefu ungesema "wewe uliyekwisha kujaliwa neema na umebaki hivyo". Halafu angalia malaika hasemi "salamu Maria", anaweka hilo neno mahali pa jina, jina Maria tumeliongeza sisi kwenye sala. Ya Stefano kwa Kiyunani ni maneno mengine, ni sifa ya vile alivyokuwa anatenda kazi, sio jina la kuitwa.

Lakini niwe mkweli, kitenzi hicho hicho kinarudi Waefeso 1:6 na pale kinasemwa juu ya sisi waamini wote, tumeneemeshwa katika Mpendwa. Wakatoliki wengine wanalificha hili wakidhani linaharibu hoja, mi naona linaijenga. Kilichotendeka kwa Maria ndicho Mungu anachotaka kwetu, yeye ametangulia.

Kuhusu kupayuka-payuka, kwanza nicheke kidogo, tafsiri yenyewe ya Kiswahili imelirudia neno mara mbili kukataza kurudia hahaha. Mstari unasema "maana wao hudhani ya kuwa watasikiwa kwa sababu ya maneno yao kuwa mengi". Kosa liko kwenye kudhani. Mtu anayedhani Mungu ni kama mlango mbovu, ukiusukuma mara hamsini utafunguka. Picha yake iko 1 Wafalme 18:26, manabii wa Baali kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri wanapiga kelele zilezile. Lakini kurudia kwenyewe kungekuwa dhambi basi Yesu naye yumo, maana Gethsemane, Mathayo 26:44, "akaomba mara ya tatu, akisema maneno yaleyale". Injili ni hiyo hiyo ya Mathayo. Zaburi 136 ina mistari 26 na kila mstari unaishia "kwa maana fadhili zake ni za milele", mara 26, na hakuna aliyewahi kuifuta. Ufunuo 4:8 wale wenye uhai wanne hawapumziki mchana wala usiku, Mtakatifu Mtakatifu Mtakatifu. Halafu angalia mistari miwili tu baada ya lile katazo Yesu anafanya nini, anawapa maneno ya kusali, Baba Yetu, na hayo tunayarudia sote, mimi na wewe ndugu Mlutheri.

Mlutheri_Mpole

Gethsemane umenishika, sikuwahi kuiweka karibu na 6:7. Ila ndugu, mara tatu na mara hamsini ni tofauti. Na tuseme ukweli nimekaa msibani na kwenye mikesha nikasikia rozari inavyokimbizwa, huku hawajamaliza huku wameshadakia, kwa spidi ile hata malaika Gabrieli angesema jamani ngojeni nimalize. Hiyo unaiitaje?

Mama_wa_Wanne

Kaka Mlutheri hiyo hata mimi naiita kupayuka-payuka, na sio mimi tu. Papa Paulo VI mwaka 1974 kwenye waraka wake Marialis Cultus aliandika kabisa kwamba rozari bila kutafakari ni mwili usio na roho, na akauleta mstari huohuo wa Mathayo 6:7 kutuonya sisi Wakatoliki. Kwa hiyo mlokole wa mleta mada amenukuu mstari ambao Papa alishatunukulia, tofauti ni kwamba Papa anasema isalini vizuri, hasemi iacheni.

Nieleze mimi ninavyofanya maana mi sina elimu ya Kiyunani hahaha. Mi zamani nilikuwa nasinzia hivyohivyo kama mleta mada, tena mimi nilikuwa nasinzia tendo la pili. Kilichonisaidia ni kuacha kusikiliza Salamu Maria kama ndiyo kitu kikuu. Watu wanadhani tunazifikiria zile Salamu Maria, hapana, zile ni kama hatua za miguu, unatembea ila macho yanaangalia njia, na njia ni tendo. Natangaza tendo, nafungua Biblia nasoma mistari miwili mitatu sio sura nzima, nanyamaza kidogo, ndo naanza. Na hili sijalitunga, Papa Yohane Paulo II kwenye barua yake ya tarehe 16 Oktoba 2002, ileile iliyoleta matendo ya mwanga, anashauri hivyohivyo, tangaza, soma Neno, kaa kimya.

Kingine anachosema humo ni kwamba kitovu cha Salamu Maria ni jina la Yesu. Kwa Kilatini jina liko mwisho kabisa wa nusu ya kwanza, kila kitu kinaelekea pale kinatua. Kwa Kiswahili chetu limekaa katikati, "na Yesu mzao wa tumbo lako amebarikiwa", kwa hiyo tusipoangalia tunalipita mbio kama kituo ambacho basi halisimami. Mi nikifika "Yesu" napunguza mwendo, nusu sekunde tu. Wajaribu wanaodharau, utaona sala nzima imebadilika. Na kuna watu wanaongeza kifungu kidogo hapo kulingana na tendo, mfano kwenye uchungu "na Yesu, aliyevikwa taji la miiba, mzao wa tumbo lako", ukisali hivyo huwezi ukasinzia maana lazima ukumbuke uko wapi.

Fundi_wa_Maneno

Dada hapo kwenye vifungu umegusa kitu kizito. Hicho unachofanya ndicho kilichoizaa rozari ya sasa. Karne ya 15 kule Trier kulikuwa na mtawa Mkartusi, Dominiko wa Prussia, aliandika vifungu 50 vya maisha ya Yesu, kila Salamu Maria inaishia na kifungu chake baada ya jina Yesu. Kumbuka wakati huo Salamu Maria ilikuwa inaishia hapohapo kwenye jina. Ukivisoma ni Injili imekatwakatwa vipande 50 ikafungwa kwenye shanga.

Na kabla ya hapo, kwa nini 50, kwa nini 150? Zaburi ziko 150. Watawa walikuwa wanazisali zote kwa Kilatini, sasa yule ndugu asiyejua kusoma afanyeje, akapewa asali Baba Yetu 150 badala yake, anahesabu kwa kamba yenye mafundo au shanga, ndo maana shanga hizo zamani ziliitwa kwa jina la Baba Yetu, paternoster. Baadaye Salamu Maria 150 zikaingia, zikaitwa Zaburi za Maria. Kwa hiyo mleta mada ukiulizwa tena rozari iko wapi kwenye Biblia unaweza kuanzia hapo, ni Zaburi za mtu asiyekuwa na kitabu. Matendo yalikuwa 15, mara kumi kumi ni 150, mpaka 2002 yalipoongezwa ya mwanga yakawa 20 na hesabu ya Zaburi ikavunjika. Mi ile hesabu bado naionea huruma lakini matendo ya mwanga nayapenda, kabla ya hapo ulikuwa unatoka Yesu wa miaka 12 hekaluni unadondokea Gethsemane moja kwa moja, mahubiri yote na miujiza yote umeruka.

Punje_ya_Kumi

Mbona mi nilifundishwa Mtakatifu Dominiko ndiye alipewa rozari na Bikira Maria mkononi?

Fundi_wa_Maneno

Mkuu hiyo ni mapokeo ya zamani na Wadominikani ndio walioisambaza rozari kuliko mtu yeyote, hilo halina ubishi. Ila Dominiko alikufa 1221 na maandishi ya waliomfahamu hayataji hilo tukio, habari hiyo imeenezwa sana na Alano wa Rupe, Mdominikani wa karne ya 15. Mi sioni kama inapunguza kitu. Sala iliyokua mikononi mwa watu wasiojua kusoma kwa miaka mia kadhaa kwangu ni muujiza mkubwa kuliko iliyodondoka siku moja.

Katekista_Mstaafu

Nimerudi. Nimeona mmefika mbali.

Ndugu Mlutheri swali lako la mpatanishi mmoja hawajakujibu, nalijibu mimi. 1 Timotheo 2:5 tunaiamini kabisa. Ila panda mistari minne tu juu, 2:1, Paulo huyohuyo anaagiza watu wafanye maombi na dua kwa ajili ya watu wote. Ukimwambia mchungaji wako "niombee" hujampora Yesu kazi yake. Tofauti yetu ni moja tu, wewe unasema walio hai huku duniani ndio wanaoombwa, sisi tunasema kifo hakimtoi mtu kwenye mwili wa Kristo. Ufunuo 5:8 wazee ishirini na wanne wameshika vitasa vya dhahabu vilivyojaa manukato, na yameelezwa palepale, ni maombi ya watakatifu.

Sasa kupalizwa. Mwanangu Msomaji nikwambie bila kuzungusha, mstari unaosema "Maria alipalizwa" haupo, usiutafute, na usikubali mtu akuongopee kuwa upo. Papa Pius XII alipoitangaza kuwa fundisho la imani tarehe 1 Novemba 1950 alijenga juu ya mapokeo ya Kanisa na liturujia iliyokuwa inaiadhimisha karne nyingi, na juu ya picha za Maandiko. Ndiyo, picha, Maria kama sanduku jipya la agano. Soma 2 Samweli 6 halafu Luka 1:39 mpaka 56 bila kupumzika katikati. Daudi anasema sanduku la Bwana litanijiaje, Elizabeti anasema mama wa Bwana wangu anijilie mimi. Sanduku likakaa nyumbani kwa Obed-edomu miezi mitatu, Maria akakaa kwa Elizabeti kama miezi mitatu. Daudi anacheza mbele ya sanduku, Yohane anaruka tumboni. Luka anajua anachokifanya. Sasa Zaburi 132:8, "Ee Bwana, uinuke, uende kwenye kao lako, wewe na sanduku la nguvu zako". Zaburi hiyo ndiyo inayoimbwa kwenye Misa ya mkesha wa Kupalizwa. Halafu Ufunuo 11:19 hekalu la mbinguni linafunguliwa sanduku linaonekana, na mstari unaofuata tu, 12:1, mwanamke aliyevikwa jua na taji la nyota kumi na mbili. Hapo ndipo na tendo la tano lilipo. Na ukitaka mama wa mfalme nenda 1 Wafalme 2:19, Sulemani anamwekea mama yake kiti mkono wa kuume.

Mlutheri_Mpole

Mwalimu samahani sana kwa heshima zote, hapo 1 Wafalme 2 umeteleza hahaha. Endelea kusoma mpaka mstari wa 25. Mama anaomba, mwana anamkatalia, na Adonia aliyemtuma mama apeleke ombi anauawa siku hiyohiyo! Sasa mi na maombi yangu nitamtuma nani?

Punje_ya_Kumi

😂😂😂 mwalimu kapatikana

Katekista_Mstaafu

Hahaha nimefundisha katekesi miaka mingi na hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza hilo, hongera ndugu. Mimi naleta kile kiti tu, sileti Adonia. Ombi la Adonia lilikuwa ujanja wa kunyang'anya ufalme kwa kumtumia mama. Kwa hiyo nalo ni fundisho, usimpelekee mama ombi la hila. Ukitaka ombi lililopokelewa nenda Kana, pale mama hakuomba hata kitu, alisema tu "hawana divai", kisha akawageukia watumishi akawaambia lolote atakalowaambia fanyeni.

Mlutheri_Mpole

Sawa mwalimu, umejinasua. Kwenye kupalizwa na "utuombee" tutabaki kila mtu na lake, mi hizo picha za sanduku hazinifikishi huko nyie mliko. Ila kusoma mistari mitatu, kunyamaza, na kukaa na tukio moja la Yesu dakika nne tano, hilo sina kesi nalo. Luka 2:19, "Bali Mariamu akayaweka maneno hayo yote, akiyafikiri moyoni mwake". Kama ndiyo hiyo mnayofanya, endeleeni, ila punguzeni spidi.

Msomaji_wa_Usiku

Wakuu sijui nisemeje, daftari langu limejaa. Nimempigia yule rafiki yangu mlokole nikamsomea 2 Samweli 6 na Luka 1 kwa simu, hajakubali ila amesema anataka aje tusome wote Zaburi 136, nadhani anaenda kuhesabu kama kweli ni 26.

Mama wa Wanne, hilo la kupunguza mwendo kwenye jina nimelijaribu jana, nilikuwa nachukua kama dakika 15 rozari nzima, jana ilinichukua 25 na sikuchoka. Ila bado tendo la tatu kichwa kilianza kuinama, nisidanganye. Nilijisikia vibaya.

Swali la mwisho nisiwasumbue. Leo Alhamisi, ni mwanga. Kugeuka sura kuko Mathayo, Marko na Luka, nisome ipi?

Mama_wa_Wanne

Usijisikie vibaya, Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, mwalimu wa Kanisa kabisa, aliandika kwamba kusali rozari peke yake kulimgharimu kuliko kuvaa kifaa cha kitubio. Na alikuwa mtawa wa Karmeli, sio mtu wa kurudi kazini amechoka.

Katekista_Mstaafu

Soma ya Luka, sura ya 9 kuanzia 28. Ni yeye peke yake anayesema Yesu alipanda mlimani ili kuomba, na kwamba sura iligeuka akiwa katika kuomba. Halafu usiruke mstari wa 32, utaona Petro na wenzake walikuwa na hali gani wakati Bwana anang'aa mbele yao.

Msomaji_wa_Usiku

Nimefungua. "Walikuwa wamelemewa na usingizi" 😂 Mwalimu ningeambiwa hili mapema.